Minyaa ya Mama Ezekiel

Nyamizi hakuwahi kuwa na nia ya kuchora mpaka wa mkoa. Alichotaka mwaka ule ni kitu kimoja tu: asimwone Ng'washi akifagia.

Tulielewe hilo mapema, maana baadaye walikuja watu na vifaa vyao, na kofia zao, na viatu vya kupandia milima katika nchi iliyo tambarare mpaka macho yachoke, wakaandika habari nyingine kabisa. Na habari ikishagongwa muhuri inakuwa na kiburi. Kuitoa kwenye karatasi ni kazi kuliko kumtoa kupe kwenye sikio la ng'ombe.

Nyamizi alizaliwa Meatu, akaolewa na Masunga akiwa na miaka kumi na tisa, na mwaka uliofuata majani yakakosekana. Masunga akasema wanahama. Hakusema wanahamia wapi kwa sababu hata yeye hakujua. Alisikia tu kwamba kusini kuna bonde linaitwa Usangu ambako maji yanalala juu ya nchi na ng'ombe wanakula wakiwa wamesimama mahali pamoja. Walitembea miezi mitatu nyuma ya mikia ya ng'ombe, mtoto wao Ezekiel akiwa mgongoni. Walipofika, Nyamizi aliangalia ile nchi, akaangalia miguu yake, akamwambia mume wake kwamba akitaka kuhama tena atafute mke mwingine. Kauli hiyo aliijutia baadaye, kwa sababu Masunga alikuwa mtu wa kushika maneno.

Walipofika palikuwa na miji minne tu, yaani kaya nne, yote ya watu wa kwao. Mzee Shilinde alikuwa amechimba kisima, basi mahali pakaitwa Mwashilinde. Ukienda magharibi mwendo wa saa moja unafika kijiji cha Isunula, mkoa wa Mbeya. Ukienda mashariki unavuka kijito, unafika kijiji cha Lwang'ondi, mkoa wa Iringa. Mpaka wa mikoa ulikuwa kule kwenye kijito, penye mstari wa minyaa, miti ile ya utomvu mkali, uliopandwa zamani na watu ambao wajukuu wao nao wamezeeka. Kila mtu alijua hivyo, na hakuna aliyejali.

Walichojua zaidi ni kwamba hakuna anayewataka. Siku za kugawa mashamba, Isunula walisema, "Ninyi si mnatokea upande wa Iringa?" Wakienda Lwang'ondi waliambiwa, "Ninyi si ni watu wa Mbeya?" Lakini siku za mchango wa madawati wajumbe walifika kutoka pande zote mbili, na mara moja wakagongana pale kisimani, kila mmoja na daftari lake, wakaanza kugombania wananchi. Kwenye ardhi walikuwa wahamiaji, kwenye madawati walikuwa wazalendo. Isunula walipochora ramani ya matumizi ya ardhi, pale Mwashilinde, penye watu zaidi ya mia sita, mbwa wao na makaburi yao, paliandikwa "eneo la wazi". Katika kikao kilichoandika hivyo hakuwamo hata mtu mmoja wa Mwashilinde. Nani angemwalika eneo la wazi?

Sasa turudi kwenye ufagio.

Mwaka 2003 Masunga alioa mke wa pili. Alimwuliza Nyamizi kwanza, kama inavyotakiwa, na Nyamizi akakubali kwa mdomo, kama inavyotakiwa. Ng'washi akaja, akajengewa nyumba yake hatua arobaini kutoka kwa mke mkubwa, na asubuhi ya kwanza akatoka akafagia uwanja wake. Alifagia akiimba. Alifagia kwa mistari, ufagio ukienda na kurudi, mpaka uwanja ukabaki na nakshi kama mkeka mpya. Nyamizi alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchele. Alitamani kuona dosari, akatafuta, akakosa. Asubuhi ya kumi alimwita mume wake.

"Baba Ezekiel, panda minyaa."

"Minyaa si ipo? Imezunguka mji mzima."

"Panda hapa. Katikati."

Mtu asiyetoka kwao hawezi kuelewa uzito wa neno hilo. Msukuma anazungusha minyaa nje ya mji wake, kuzuia fisi wasiingie na ndama wasitoke. Katikati ya mji hapandi. Kupanda minyaa katikati ya mji wako ni kukiri mbele ya wapita njia kwamba fisi uko naye ndani. Masunga alibisha siku mbili. Siku ya tatu hakupikiwa, na siku ya nne akakata vijiti vya minyaa. Nyamizi mwenyewe ndiye aliyevuta kamba ya kufungia ng'ombe kutoka kona mpaka kona, akaikaza mpaka ikalia, akasema, "Fuata hapo. Usipinde hata kidogo."

Hakupinda. Mita themanini, mstari ulionyooka kuliko barabara yoyote ya wilaya.

Majirani walipouliza, Nyamizi alisema ni kwa ajili ya upepo. Upepo wa Agosti bondeni unajulikana, na watu wa miji ile minne walikuwa na adabu, hawakuuliza mara ya pili. Baadaye wale wazee walikufa au wakahama, wakaja watu wengine, miji ikafika mia moja na kumi na tisa, na kwa hao wote ua ule ulikuwa ua wa upepo. Ulinenepa, ukapanda juu ya vichwa vya watu. Huku Masunga alikuwa Baba Ezekiel. Akizunguka kwa kupitia zizini akatokea upande wa pili, alikuwa Baba Nashoni, kwa jina la mtoto wa Ng'washi. Siku mbili huku, siku mbili kule, kwa haki, kama zamu ya maji ya mpunga.

Na wake zake hawakusemeshana. Hawakutukanana pia, tuseme kweli. Watoto walipokuwa wadogo, chumvi iliombwa kupitia watoto. Watoto walipokua wakaondoka, mmoja Ubaruku kwenye mashine ya kukoboa mpunga, mwingine Mbeya mjini, chumvi haikuombwa tena.

Hapo ndipo jambo la ajabu lilipotokea. Kwa sababu hakuna aliyewahi kusikia kelele kutoka mji ule, Nyamizi akapata sifa ya uvumilivu. Wanawake walioletewa wake wenza walipelekwa kwake wakafundwe. Aliwakalisha chini, akawapa uji, akawaambia, "Niangalieni mimi na mwenzangu. Mmewahi kusikia tunagombana?" Hawajawahi. Wakafuta machozi wakarudi kwa waume zao. Nyamizi aliwaombea heri na hakuona aibu yoyote, kwa kuwa kila neno alilosema lilikuwa kweli.

Kwa sifa hiyo, Mwashilinde ilipokubaliwa hatimaye kuwa kitongoji rasmi chini ya Isunula, hakukuwa na mjadala juu ya mwenyekiti. Mwenyekiti wa kitongoji anaingia kwenye halmashauri ya kijiji. Mtu wa Mwashilinde angekaa kwenye kikao ramani ikifunguliwa, angeweka kidole chake pale palipoandikwa "eneo la wazi" na kusema, hapa ndipo kwangu. Walisubiri jambo hilo miaka thelathini. Nyamizi alianza kupita nyumba kwa nyumba kuomba kura, ingawa hakuwa na mpinzani, kwa sababu alisema kura isiyoombwa ni sawa na kuokota.

Ndipo wakaja watu wa kuhakiki mipaka.

Mkubwa wao aliitwa Isakwisa, mtu wa Iyunga, mpole, mwenye fulana inayong'aa mchana kweupe. Alikuwa na kifaa cha kuongea na setelaiti na nakala ya karatasi ya zamani iliyosema mpaka unatoka jiwe fulani mpaka mlima fulani "kwa kufuata mstari wa minyaa". Alienda kwenye kijito. Hakukuta minyaa. Trekta za mpunga ziling'oa ule mstari wote miaka mingi iliyopita, hata mizizi haipo. Akazunguka siku mbili juani akitafuta minyaa ya serikali, akakuta nyua za mviringo, nyua za mviringo, nyua za mviringo. Siku ya tatu akafika kwa Masunga.

Alisimama akavua kofia.

"Angalia unyoofu huu," aliwaambia wenzake. "Wazee walikuwa wanajua kazi." Akapiga picha, kisha akaomba apigwe picha yeye mwenyewe akiwa ameuegemea, na mwenzake akamvuta haraka kabla utomvu haujamwingia machoni.

Nyamizi alikuwa kisimani. Ng'washi alikuwa anafagia. Masunga alikuwepo, aliulizwa kama ua ule ni wa zamani, akajibu kwamba ni wa zamani, kwa kuwa miaka ishirini na miwili kwake ilikuwa zamani sana, hasa ukiwa na wake wawili. Akaulizwa nani aliupanda. Masunga alikohoa. Alisema hakumbuki vizuri.

Wiki tatu baadaye tangazo likabandikwa kwenye mlango wa shule. Ule mstari wa mita themanini ulikuwa umewekewa rula, ukavutwa kaskazini na kusini mpaka mwisho wa ramani, na ukakata Mwashilinde kama mtu anavyokata mkate. Miji sitini na mmoja ilibaki mkoa wa Mbeya. Hamsini na minane ikaamkia Iringa. Kila kipande kilipungukiwa idadi iliyotakiwa kuwa kitongoji, basi wa huku wangebandikwa mkiani mwa kitongoji cha Isunula chenye watu mara nne yao, na wa kule mkiani mwa kitongoji cha Lwang'ondi ambacho mwenyekiti wake alikuwa shemeji wa mwenyekiti wa kijiji. Kisima kilienda Iringa. Zizi la Masunga lilibaki Mbeya. Nyamizi alikuwa mkazi wa Mbeya, Ng'washi mkazi wa Iringa, na mwenye pingamizi alipewa siku thelathini.

Masunga alipokwenda kujiandikisha kwenye daftari la wapiga kura, karani alimwuliza, "Mzee, makazi yako ni mkoa gani?"

"Inategemea leo siku gani."

"Sikuelewi."

"Jana na juzi nilikuwa Mbeya. Leo na kesho niko Iringa. Keshokutwa narudi."

"Lakini unalala wapi?"

"Si ndiyo nakwambia, bwana!"

Karani alikwenda kupiga simu, akarudi, akamwambia achague. Masunga aliwaza wake zake wote wawili wakisikia kwamba amechagua, akasema atakuja wakati mwingine. Akaondoka bila kujiandikisha. Alikuwa mtu pekee bondeni aliyeishi mikoa miwili na kukosa kura katika yote miwili.

Watu walikusanyika uwanjani kwa Nyamizi. "Mama Ezekiel, wewe ndiye mwenyekiti wetu," walisema. "Nenda katusemee. Waambie mpaka ni kijitoni."

"Nitawaambia."

"Watasema, na hii minyaa hapa je? Waambie ni ya upepo."

"Nitawaambia ni ya upepo," alisema Nyamizi.

Jioni ile alimgeukia mume wake. "Ukaseme wewe. Wewe ndiye uliyepanda."

"Niseme nini? Niseme mke wangu alininyima ugali siku mbili mpaka nikakata mji wangu nusu kwa nusu? Mbele ya Wahehe wa Lwang'ondi?"

"Siku moja. Ya pili ulikula kwa huyo."

Asubuhi ya mkutano Masunga alikuwa mgonjwa. Alisema ni mafua. Alijifunika blanketi na kugeukia ukuta, mtu mzima mwenye ng'ombe sitini.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi, chini ya chati ya sehemu za ua la mpapai. Isakwisa alikaa mbele na ramani. Pembeni yake alikaa Kalinga, mwenyekiti wa kijiji cha Lwang'ondi, mzee wa usharika, suti ya kahawia, sauti ya kwaya. Alisimama akasalimu, "Kamwene," akaitikiwa na watu wake, kisha akasema kwamba Lwang'ondi inawapokea ndugu zao wa Mwashilinde kwa mikono miwili, kwamba siku zote moyoni mwake aliwahesabu kuwa watu wa Iringa.

"Tangu lini?" aliuliza mtu kutoka nyuma.

"Tangu tangazo," alisema Kalinga, na kwa hilo hakusema uongo.

Nyamizi akaitwa. Alisimama na khanga yake mpya, akaeleza habari ya kijito, trekta na mpunga. Aliongea vizuri. Isakwisa alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mama, nimekusikia. Lakini karatasi inasema minyaa. Kijitoni hakuna minyaa. Kwako kuna minyaa, tena imenyooka. Nani aliipanda?"

"Sisi. Ni ya kuzuia upepo."

Isakwisa aligeuza ramani, akachora mshale kwa penseli. "Upepo wa hapa unatoka huku, unaenda huku. Ua wako nao unatoka huku, unaenda huku. Unafuata upepo, mama. Upepo unapita pembeni yake kama mtu na mbwa wake. Hauzuii chochote."

Miaka ishirini na miwili hakuna mtu aliyekuwa ameangalia hilo. Watu walianza kulipima kichwani, ukaona vidole vinaonyesha milima, vinarudi, vinaonyesha tena. Mama Limi, ambaye Nyamizi alimfunda mara tatu, alikunja uso.

Nyamizi aliona mambo mawili kwa wakati mmoja. Akinyamaza, anabaki na jina lake na kitongoji kinakatwa. Akisema, kitongoji kinaweza kupona, lakini nani atampa kura mwanamke aliyewafunda wenzake uvumilivu kwa miaka yote hiyo akiwa amejificha nyuma ya minyaa? Aliona aibu. Akashika dawati.

"Si upepo," alisema. "Ni wivu."

"Nini?"

"Wivu! Baba Ezekiel alioa mke mdogo, mke mdogo akawa anafagia vizuri, mimi nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia apande minyaa nisimwone. Kamba nimevuta mimi. Hiyo minyaa yenu mnayopiga nayo picha ni ya kwangu. Serikali haihusiki."

Kicheko kilianzia kona ya akina mama na kuenea darasa zima, kicheko cha kupiga meza, cha kutoa machozi. Kalinga alijaribu kubaki mzee wa usharika, akashindwa, akafunika uso kwa kitabu cha mahudhurio. Nyamizi alisimama palepale akisubiri waishe. Alikuwa na hasira, lakini kifua chake kilikuwa chepesi kuliko kilivyokuwa asubuhi.

Isakwisa peke yake hakucheka. Alionekana kama mtu aliyeibiwa. "Mama, samahani," alisema. "Nimepima mipaka miaka kumi na sita. Mambo ya ugomvi hayanyooki hivi. Mstari kama huu ni wa serikali."

"Basi serikali haijawahi kuwa na wivu."

"Nahitaji shahidi. Si wa upande wako. Wa upande wa pili wa ua."

Upande wa pili wa ua alikuwepo mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa na deni la wema kwake hata chembe. Ng'washi alikuwa amekaa dirishani, na nyumba yake ilikuwa Iringa, hatua mia kutoka kisimani. Angeweza kusema hajui. Angeweza kukaa kimya akawa huru na mke mwenzake, tena na mkoa wake mwenyewe.

Ng'washi alisimama taratibu. "Ni kweli, ni minyaa ya wivu," alisema. "Lakini amedanganya kidogo."

Nyamizi alifumba macho.

"Amesema ni ya kwake. Ni yetu. Ng'ombe walikuwa wanaibomoa kila masika. Mwaka ule wa mvua nyingi ilianguka sehemu tatu. Mama Ezekiel, ulidhani nani alikuwa anaziba matundu?"

Nyamizi alifungua macho. Alidhani minyaa inajiziba. Wakati mwingine, tumseme tu, alidhani Mungu yuko upande wake.

"Nilikuwa nakata vijiti upande wangu napandikiza, nikifuata mstari uleule wa kamba," alisema Ng'washi. "Gashi, kumbe hajui! Na mimi nilikuwa sitaki kumwona. Ananiangalia nikifagia kama mkaguzi. Ndiyo maana imenyooka, bwana mpimaji. Ilikuwa na mafundi wawili."

Isakwisa aliivuta ramani yake karibu. Kisha akachukua kifutio, kifutio cha kawaida cha shule kilichokuwa pale mezani, akaanza kufuta. Kalinga aliinuka kupinga, akisema haiwezekani mpaka wa mkoa uamuliwe na wake wawili wa mtu mmoja. Isakwisa akamjibu bila kuinua kichwa kwamba wake hao ndio waliokuwa wameuweka.

Karatasi ilirudi baada ya mwezi mmoja na siku kadhaa. Mpaka ukarudi kijitoni, Mwashilinde ikawa nzima, miji mia moja na kumi na tisa, kitongoji kimoja. Masunga alipona mafua siku hiyohiyo, akajiandikisha.

Lakini Nyamizi hakuwa tena na kura mkononi. Mama Limi alimfuata kisimani mbele ya watu akamwuliza, "Uliniambia nivumilie, na wewe ulijenga ukuta?" Wengine walicheka tu, na kicheko hakipigi kura. Wengine wakaanza kusema Mama Nashoni naye anafaa, mtu aliyeishi miaka ishirini na miwili nyuma ya ua bila kumsema mwenzake kwa mtu yeyote. Ng'washi alipoulizwa kama atagombea, alisema anafikiria.

Nyamizi akaanza upya nyumba kwa nyumba. Safari hii hakuzungumzia uvumilivu. Alisema ramani, kisima, njia ya ng'ombe, na alipochekwa alisubiri kicheko kiishe kisha akaendelea. Alimaliza miji mia moja na kumi na saba ndani ya wiki mbili. Wa kwake mwenyewe haukuhitaji kuombwa kura, na kura ya Masunga aliihesabu hapo, kwa kulazimisha. Ukabaki mmoja.

Asubuhi ya mwisho kabla ya kurudisha fomu ya kugombea, alitoka na panga. Alijifunga khanga usoni yakabaki macho tu, akaanza kukata minyaa katikati ya mstari. Utomvu mweupe ulimchuruzika mikononi. Mashina yalikuwa manene kama mapaja ya mtu, na kila moja alilolikata alijiuliza kama hili alilipanda Masunga au alilizibia Ng'washi. Mwishowe pakawa na tundu la kupita mtu mmoja akiwa amejipinda. Akapita.

Ng'washi alikuwa anafagia. Aliacha, akaegemea ufagio.

"Nimekuja kuomba kura," alisema Nyamizi.

"Unataka kuniwakilisha."

"Ndiyo."

"Haya. Mimi nasumbuliwa na nini?"

Nyamizi alifungua mdomo. Alimjua mwanamke huyu kwa sauti ya ufagio wake, kwa wimbo wake wa asubuhi, kwa harufu ya maharage yake. Alitafuta kitu kingine kimoja anachokijua juu yake, kitu chochote, goti linalouma, mtoto asiyepiga simu, hakukipata. Ilimuuma kuliko kicheko cha darasa zima.

"Sijui," alisema.

"Afadhali umesema." Ng'washi alisukuma kigoda kwa mguu. Nyamizi akakaa, mikono imejaa utomvu, mbele ya uwanja uliofagiliwa kwa mistari. Kwa karibu ulikuwa mzuri zaidi. Walikaa kidogo, jua likipanda, na kutoka zizini walimsikia mume wao akitembea kuzunguka ua kwa njia yake ya zamani.

"Mama Nashoni."

"Naam."

"Naomba chumvi. Ya kwangu imeisha."

Ng'washi aliingia ndani, akarudi na pakiti nzima, akamwekea mapajani.

"Chumvi hiyo hapo, Mama Ezekiel," alisema, akachukua tena ufagio wake. "Kura ni siri."